Fimbo na Kivuli Chake: Malezi ya Roho katika Madrasa Zetu

Bismillahi Rahmani Rahim. Waheshimiwa masheikh, walimu wenzangu wa madrasa, akina mama na akina baba mlioacha shughuli zenu asubuhi hii, na nyinyi wanafunzi wakubwa mliokaa pale nyuma, assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nimeombwa nizungumze juu ya njia ya masufi katika kusomesha dini na kulea nyoyo za wanafunzi. Nitazungumza nikiwa mwalimu wa madrasa aliyekaa na watoto kwa zaidi ya miaka thelathini, na mengi nitakayoyasema yatatugusa sisi tunaokaa mbele ya watoto zaidi kuliko watoto wenyewe. Naomba mnivumilie.

Katika Surat al-Baqara, aya ya 129, Nabii Ibrahim, amani iwe juu yake, anamwomba Mola awapelekee kizazi chake Mtume atakayewasomea aya, awafundishe Kitabu na hekima, kisha awatakase. Dua ikakubaliwa. Lakini pale Mwenyezi Mungu anapoieleza neema aliyoitoa, katika aya ya 151 ya sura hiyo hiyo, katika Aal Imran aya ya 164, na katika al-Jumua aya ya 2, utakaso umesogezwa mbele: Mtume anawasomea aya, anawatakasa, ndipo anawafundisha Kitabu na hekima. Watu wa tasawufi, yaani njia ya masufi, waliushika mpangilio huu wakajenga juu yake namna yao ya kusomesha. Kwao moyo hulimwa kwanza, na mbegu ya elimu hufuata, kwa sababu elimu ikiangukia moyo wenye kibri huotesha kibri kilichosoma. Nikizitazama ratiba za madrasa zetu za leo, na yangu imo, naona utakaso umewekwa mwisho, na mara nyingi muda huisha kabla hatujaufikia.

Nitawapa mfano wa kwangu. Mwaka mmoja tulitoa mtihani wa akhlaki kwa darasa la watoto wa miaka kumi na moja, na mtoto mmoja akapata alama 94 katika 100. Alikuwa ameeleza vizuri mno maana ya hasadi, akataja hadithi yake, akazipanga dawa zake moja baada ya nyingine. Siku ya kutoa matokeo, alipojua kwamba mwenzake amepata 96, alikichukua kitabu cha yule mwenzake akakitumbukiza katika pipa la maji ya udhu. Nilikitoa kile kitabu nikakianika juani, na kwa siku mbili, kurasa zikikauka na kujikunja, nilikuwa nikijiuliza ni nani hasa aliyeanguka mtihani ule. Mtoto alikuwa ameyashika tuliyomfundisha, yaani kuijua hasadi kwa jina. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukaa naye akamwonesha jinsi hasadi inavyopanda kifuani mtu anaposikia jina la mwenziwe likitangulia lake, na jinsi mtu anavyoweza kuishika kabla haijafika mkononi.

Abu Hamid al-Ghazali alilijua tatizo hili kwa maumivu ya nafsi yake. Alizaliwa Tus, katika Khurasani, mwaka 1058. Mwaka 1091 waziri Nidhamul-Mulk alimkalisha katika kiti cha kusomesha cha madrasa ya Nidhamiyya ya Baghdad, ambacho mwanachuoni yeyote wa zama zile angekitamani, na mwenyewe anasema wanafunzi waliokuwa mbele yake walifika 300. Miaka minne baadaye, mwaka 1095, aliikagua nia yake ya kusomesha akakuta kwamba kinachomsukuma ni jaha, yaani cheo mbele ya watu, na kusikika kwa jina. Ameeleza kwamba alikuwa akijitahidi asomeshe angalau siku moja kuzifurahisha nyoyo za wanaomjia, lakini ulimi ulifungika, neno halitoki, chakula hakishuki, mpaka matabibu wakakata tamaa wakisema kwamba maradhi haya yameanzia moyoni. Akakiacha kiti. Akaenda Sham na Baitul-Maqdis, akahiji, akaishi miaka mingi akiwa mbali na sifa za watu. Aliporudi kusomesha, mwaka 1106, ilikuwa Nishapur, na mwishowe akarudi kwao Tus, ambako jirani na nyumba yake aliweka madrasa ya wanafunzi wa fiqhi na mahali pa masufi. Alifariki mwaka 1111.

Mimi huvutwa na ile nyumba ya Tus kuliko kiti cha Baghdad. Mtu aliyekuwa na wanafunzi 300 akiwa kileleni alimalizia umri wake pahali ambapo mlango wa fiqhi na mlango wa kuitakasa nafsi vimekaribiana kiasi kwamba mwanafunzi anaweza kutoka mmoja akaingia mwingine bila kuvaa viatu.

Katika Ihya, kazi yake kubwa ambayo ndani yake mna vitabu 40, kitabu cha kwanza ni cha elimu. Humo al-Ghazali anautaja wajibu wa mwanafunzi na kuanza na kuisafisha nafsi kutokana na tabia mbovu, kisha anautaja wajibu wa mwalimu na kuanza na huruma, kwamba awafanye wanafunzi wake kuwa kama wanawe wa kuwazaa. Anaendelea mpaka anafika wajibu wa mwisho wa mwalimu, nao ni kuitenda elimu yake. Hapo anatoa mfano ambao tangu niusome haujaniacha. Anasema mwalimu kwa wanafunzi wake ni kama muhuri kwa udongo na kama fimbo kwa kivuli chake: udongo utachorekaje kwa kitu kisicho na mchoro, na kivuli kitanyookaje hali fimbo yenyewe imepinda?

Ndugu zangu, mfano huu unatugusa sisi zaidi kuliko watu wa lugha nyingine, kwa sababu neno fimbo katika vyuo vyetu lina historia. Tumeishika fimbo mkononi miaka mingi tukitaka kunyoosha vivuli. Nitarudi kwenye jambo hili, maana ndilo lililonileta.

Kwanza niwakumbushe kwamba njia hii hatukuisoma katika vitabu vya mbali tu. Imepita humu mwetu, na baadhi yenu mmekaa mbele ya waliokaa mbele ya watu wake. Unguja, Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, alikuwa kadhi kwa miaka mingi na wakati huo huo sheikh wa tarika, yaani njia ya kisufi, ya Alawiyya, tarika ya masharifu wa Hadhramaut huko Yemen ambayo haikuwataka watu wakimbilie mapangoni, bali waishike sharia, waisome Ihya, wasome nyiradi zao, yaani dhikiri za kila siku, na wakae na watu wema. Sheikh Abdallah Bakathir, aliyetoka Lamu, alikuwa karibu rika moja na bin Sumayt, na juu ya hivyo alijiweka mbele yake kama mwanafunzi, naye mwenyewe akawasomesha wengi katika chuo kilichobeba jina lake. Wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1925. Nataka mlifikirie lile jambo la rika. Katika mambo yanayomwia mtu mzito moyoni, ni machache yanayozidi kujifunza kwa mtu wa umri wake, na mwanafunzi aliyemwona Sheikh Abdallah akiwa katika hali hiyo alipata somo la unyenyekevu ambalo hakuna mtihani unaoweza kulipima.

Lamu, Habib Saleh bin Alawi Jamalullail naye alitoka Ngazija. Alikaa upande wa Langoni, penye nyumba za makuti, akawasomesha watu ambao wakubwa wa mji hawakuona kwamba elimu ya juu inawahusu, wakiwamo watumwa na watoto wa watumwa, katika zama ambazo utumwa ulikuwa bado haujafutwa kisheria katika pwani ya Kenya, jambo lililofanyika mwaka 1907. Aliyaingiza matari na kasida katika kumsifu Mtume, rehema na amani zimshukie, na akayaleta Lamu maulidi ya Sayyid Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, yale ambayo mpaka leo huwavuta watu kutoka nchi zote za Afrika Mashariki kila ufikapo mfungo sita. Wapo waliomlaumu kwa matari yale. Yeye aliona kwamba mtu aliyeambiwa maisha yake yote kwamba si kitu hawezi kuanza dini kwa kukalishwa chini na kukaririshwa sharti za udhu, na kwamba ni lazima kwanza aonje kupendwa, amwimbie Mtume akiwa bega kwa bega na sharifu, ndipo zile sharti za udhu ziwe na ladha. Huo ndio utakaso unaotangulia mafunzo.

Msikiti wake unaitwa Riyadha, na kwa Kiarabu jina hilo linatokana na neno lenye maana ya bustani. Katika ulimi wetu wa Kiswahili jina hili linafanana na neno jingine la Kiarabu, riyadha, lenye maana ya mazoezi, ambalo al-Ghazali alilitumia kwa kuizoeza nafsi. Ni maneno mawili mbalimbali, na wanaojua sarufi wasinilaumu, lakini mimi nimezoea kuyasikia pamoja, kwa kuwa bustani nayo haiji bila ya mkono unaoirudia kila siku. Habib Saleh alifariki mwaka 1935, na mpaka leo wanafunzi wanatoka mbali kwenda kusoma Riyadha, wakilala huko huko na kula pamoja.

Bagamoyo napo palikuwa na Sheikh Ramiya, ambaye jina lake hasa ni Yahya bin Abdallah. Aliletwa pwani akiwa mtoto mtumwa kutoka Manyema, huko Kongo ya mashariki, na alipofariki mwaka 1931 alikuwa ndiye sheikh wa tarika ya Qadiriyya ambaye watu wa bara na pwani walimwendea. Na Barawa, katika pwani ya Somalia, Dada Masiti, mwanamke mwenye elimu na ibada, alitunga tenzi kwa Chimini, lugha ndugu ya Kiswahili, ili mafunzo ya tasawufi yawafikie wasiokijua Kiarabu. Akina mama mliopo hapa, jueni kwamba mnapomwimbia mtoto kasida ya kumlaza mnasomesha, na darsa hiyo ina watu wake wakubwa.

Sasa nije kwenye namna kazi yenyewe inavyofanyika, maana sifa za wazee peke yake hazitatufaa.

Watu wa njia hii huweka mbele suhuba, yaani kukaa pamoja. Katika hadithi mashuhuri iliyopokewa na Sayyidna Umar na kutolewa na Imamu Muslim, Jibril alimjia Mtume, rehema na amani zimshukie, akiwa na nguo nyeupe mno, akakaa magoti kwa magoti naye, akaiweka mikono juu ya mapaja, akamuuliza juu ya Uislamu, imani na ihsani. Alipoondoka, Mtume aliwaambia masahaba kwamba yule ni Jibril, amekuja kuwafundisheni dini yenu. Kumbe aliyekaa kama mwanafunzi ndiye aliyekuwa mwalimu! Alifundisha kwa kuuliza, na alifundisha kwa jinsi alivyokaa, na masahaba walilikumbuka lile kao lake kama walivyoyakumbuka maneno. Ihsani yenyewe, kumwabudu Mwenyezi Mungu kana kwamba unamwona, ni jambo ambalo ukilieleza kwa maneno tu mtoto atalihifadhi na kulisahau, lakini akimwona mwalimu wake akiswali peke yake pembeni, akidhani haonekani, kwa utulivu ule ule anaoswali nao mbele ya watu, basi ameiona.

Kisha kuna uradi. Ratibu, yaani mkusanyiko wa dhikiri na dua, ya Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim, aliyezaliwa mwaka 1634, akapoteza macho utotoni kwa ndui, na kufariki mwaka 1720, ilikuwa ikisomwa baada ya isha karibu kila msikiti wa pwani hii, na kwa wastani haichukui zaidi ya robo saa. Mtoto huanza kwa kuifuata sauti tu. Anapumua pale wanapopumua wenzake, anayarudia majina ya Mola mara tatu tatu, na baada ya mwaka mmoja maneno yamekaa mwilini mwake kiasi kwamba siku atakapofiwa au atakapoogopa, yatatoka yenyewe kabla hajafikiri. Ninaloliongeza mimi ni kwamba tumfasirie. Tulilelewa kwa kuambiwa kwamba maana itakuja baadaye, na kwa wengi wetu ilikuja kweli, lakini kwa wengine haikuja kabisa, wakauacha uradi siku walipoondoka nyumbani kwenda kazini Doha au Nairobi.

Khidma, yaani kutumikia, ni mlango wa tatu, nao ndio tulioharibu zaidi. Kufagia msikiti, kujaza pipa la udhu, kupanga viatu vya wanaoswali, kumshika mkono mzee kipofu, yote haya huvunja kibri kwa upole, na masufi waliyahesabu kuwa ni somo kamili. Lakini zipo sehemu ambako khidma imegeuzwa kuwa kumfulia mwalimu nguo, kumchotea maji mkewe, na kulima shamba lake kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Hiyo ni kazi isiyolipwa iliyovishwa jina zuri. Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka kumi tangu akiwa mtoto, na alisimulia kwamba katika miaka hiyo Mtume hakuwahi kumwambia hata "ah", wala kumuuliza kwa nini umefanya hili au kwa nini hukufanya lile. Anayetaka kutumikiwa na watoto wa watu na aanze kwa kuipima hali yake kwa hadithi hii.

Niliahidi kurudi kwenye fimbo. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilikuwa na mazoea ya kumwiga mwenzetu mmoja mwenye kigugumizi, na watoto wakicheka nilifurahi. Mwalimu wangu, Mola amrehemu, alinisikia siku moja akiwa nyuma ya mlango. Hakusema neno. Kesho yake alinipa kazi ya kumsikiliza mwenzangu yule hifdhi yake ya Qur'ani kila baada ya alasiri, akanipa sharti moja, kwamba nisimtangulie neno hata kama nalijua na hata kama adhana imekaribia. Nilikaa naye miezi mingi. Nilijifunza kungoja, nikajifunza kwamba aya iliyokuwa ikinitoka mimi kwa haraka bila kunigusa, yeye aliitoa kwa taabu na huku macho yake yamejaa, na sikumwiga tena, wala mtu mwingine yeyote. Miaka mingi baadaye nilisoma kwa al-Ghazali kwamba mwalimu amzuie mwanafunzi tabia mbaya kwa ishara kadiri iwezekanavyo, na kwa njia ya huruma, kwa sababu kumkemea waziwazi huipasua pazia ya haiba. Mwalimu wangu sijui kama aliwahi kuyasoma maneno hayo. Nadhani aliyapata kwa mtu aliyemlea.

Al-Ghazali huyo huyo, anapozungumzia malezi ya watoto, anasema moyo wa mtoto ni johari safi ambayo bado haijachorwa kitu. Mtoto akifanya jema asifiwe mbele ya watu, na akikosea mara moja afumbiwe macho, hasa anapojaribu mwenyewe kulificha kosa lake. Akirudia, aambiwe kwa siri. Asikemewe kila saa, kwa kuwa lawama zikizidi huwa nyepesi masikioni mwake na neno halimgusi tena. Na baada ya chuo aruhusiwe kucheza mchezo mzuri, kwa sababu kumzuia mtoto kucheza na kumwelemeza masomo daima huua moyo wake na kuzima akili yake. Hayo ni maneno ya mtu wa miaka mia tisa iliyopita, na nawaomba wale wanaosema kwamba huruma kwa watoto ni mambo ya kigeni wayasome tena. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 29, inamkinga kila mtu na adhabu ya viboko. Sisi tulipaswa kuwa tumefika hapo kabla ya katiba.

Ninalo jambo la kukiri mbele yenu. Katika mwaka wangu wa tatu wa kusomesha, mtoto wa miaka tisa alikuwa akikwama kila siku mahali pale pale katika Surat Abasa. Nilidhani ni uvivu. Nilimchapa mbele ya wenzake siku ya kwanza, nikamchapa siku ya pili, na siku ya tatu. Siku ya nne hakuja, na hakuja tena. Baadaye niliambiwa na jirani yao kwamba mama yake alikuwa kitandani mgonjwa, kwamba mtoto ndiye aliyekuwa akikesha naye usiku, na kwamba alikuwa akija chuoni akiwa hajalala. Nilipokwenda nyumbani kwao nilikuta wamehama. Nimeirudia sura ile mara nyingi tangu siku hiyo, sura ambayo ndani yake Mola anamfunza Mtume wake kuhusu uso uliokunjwa mbele ya kipofu aliyekuja mbio, akiwa na khofu ya Mungu, kutaka kutakasika. Nilikuwa nikimsomesha mtoto sura hiyo hiyo, na mkononi nina kiboko.

Kwa hiyo ninaposema kwamba kivuli hakinyooki hali fimbo imepinda, simsemi mtu.

Kuna jambo jingine zito, nalo ni mamlaka ya mwalimu. Watu wa tarika hufundisha utiifu mkubwa kwa sheikh, na dalili wanayoipenda ni kisa cha Nabii Musa na Khidri katika Surat al-Kahf, ambapo Musa aliahidi kusubiri akashindwa mara tatu. Kisa hiki ni bahari kwa mwanafunzi anayetaka kujifunza subira. Lakini kimetumiwa vibaya. Nimesikia mwalimu akikitumia kumnyamazisha kijana aliyeuliza swali la haki, na wako walioumia zaidi ya hapo na wakaambiwa wanyamaze kwa jina la adabu. Khidri alikuwa na elimu aliyopewa na Mola wake, na alisema wazi kwamba hakuyafanya yale kwa amri yake mwenyewe. Hakuna mwalimu wa madrasa katika sisi anayeweza kuyasema hayo. Utiifu wa muridi, yaani mwanafunzi wa tarika, unaishia pale sharia inapoishia, na mashekhe wa kweli wa njia hii ndio wa kwanza kulisema hilo. Mtoto asikae faragha na mwalimu nyuma ya mlango uliofungwa, iwe ni kwa hifdhi, kwa uradi, au kwa kusomewa dua. Mzazi aingie chuoni saa yoyote bila kubisha hodi mara mbili. Mwalimu asiyeridhia hilo asikabidhiwe watoto.

Wapo ndugu zetu wanaoipinga tarika kwa jumla, na baadhi yenu mpo hapa, na nafurahi kwamba mpo. Naomba mkumbuke kwamba Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, na aliyekosoa kwa ukali mengi aliyoyaona kuwa ni bidaa, alisoma Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir. Halaka, yaani duara la darsa, iliyomlea mtu mpaka akaweza kuikosoa, na asiache kuwaheshimu walimu wake, ilikuwa ikifanya kazi yake sawasawa. Mnaweza kuyakataa matari na ziara za makaburi, hayo ni mambo ya kujadiliana kwa dalili. Maradhi ya nafsi, ria ya kujionesha na ujuba wa kujiona na hasadi, hayaangalii mtu ni wa msimamo gani, na mtoto wa yule anayesoma maulidi na mtoto wa yule asiyeyasoma wote watatumbukiza kitabu cha mwenzao majini wasipolelewa.

Wala sisemi tuache mitihani. Sayyid Omar Abdallah, yule mliyemjua kwa jina la Mwinyi Baraka, alisoma hadi Oxford, aliiongoza Muslim Academy ya Unguja, na alikuwa mtu wa nyiradi na dhikiri mpaka alipofariki mwaka 1988. Ubao na tasbihi vilikaa pamoja mikononi mwake.

Ninaloliomba kwa walimu ni dogo. Kila mmoja wetu achague watoto watatu katika darasa lake, awajue kwa mwaka mzima. Ajue nani anayewapikia, wanalala saa ngapi, wanaogopa nini, na nani katika wenzao wanamwonea uchungu. Awatembelee nyumbani kwao angalau mara moja. Mwenye madarasa ya watoto sitini hawezi kuwalea sitini wote, na tusijidanganye, lakini walimu ishirini waliomo ukumbini humu wakiwashika watatu watatu, hao ni watoto sitini wasioweza kupotea bila mtu kujua. Na kwa wazazi naomba robo saa baada ya isha, simu zikiwa mbali, uradi usomwe nyumbani na mtoto aelezwe jambo moja tu la maana yake.

Adhana imekaribia. Naomba tuwasomee walimu wetu waliotutangulia, wenye majina yaliyoandikwa na wale ambao hakuna aliyewaandika, yule aliyesikia nyuma ya mlango akanyamaza, na kila aliyetushika mkono tukaijua alifu. Na yule mtoto wa Surat Abasa, ambaye leo ni mtu mzima mahali nisipopajua, naye mniombee kwake anisamehe, na Mwenyezi Mungu amrehemu mama yake akiwa ametangulia, na ampe afya akiwa hai. Al-Fatiha.